Ukianguka, usikimbilie kupanda tena

Samahani kwa ukimya. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimehamia Nairobi, au kama nimechoka na blogu hii. Hapana, ningali hapa Nakuru. Nilivunjika mtulinga wa kushoto, na kwa majuma sita nikawa naandika programu kwa mkono mmoja. Jaribu siku moja kuandika mabano yote ya JavaScript kwa mkono mmoja, halafu uniambie.

Nilianguka kutoka juu ya farasi, nikiruka kiunzi.

Najua, najua. Wengine mmeshaanza kucheka. Farasi? Hayo si mambo ya wazungu wa Naivasha na watu wa polo? Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Shamba moja kati ya Gilgil na Elementaita lilitaka programu ya kuweka kumbukumbu za farasi wao: chakula, kwato, na hasa chanjo ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Tukakubaliana malipo yawe nusu pesa, nusu masomo ya kupanda. Programu iliisha zamani, masomo hayajaisha.

Na tukisema kweli, farasi si wageni katika sehemu hizi. Beryl Markham, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza kuelekea magharibi, alilelewa Njoro, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kwenye shamba ambalo baba yake alifuga farasi wa mashindano. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, aliyekuja kuitwa arap Ruta, alifanya naye kazi ya farasi kwa miaka mingi. Waliopanda mbele ya watazamaji walikuwa wazungu, lakini waliowalisha, kuwatembeza na kuwajua farasi kwa majina na tabia walikuwa masaisi, watu wetu. Ninachokijua leo kuhusu farasi, sehemu kubwa nimefundishwa na saisi mmoja mzee ambaye hajawahi kushiriki shindano lolote.

Haya, turudi kwenye mada. Sitaki kusimulia sana kuanguka kwenyewe, maana kulichukua kama sekunde mbili. Ninachotaka ni kubishana na ushauri niliopewa na karibu kila mtu baada ya hapo: "Panda tena mara moja. Usipopanda leo hutapanda tena maisha yako yote."

Nadhani ushauri huo una ukweli kidogo ndani yake, na madhara mengi.

Ukweli wake ni huu

Woga hukua ukiukimbia. Jambo hili linajulikana vizuri. Joseph Wolpe, daktari wa akili aliyezaliwa Afrika Kusini, aliandika kitabu mwaka 1958 akieleza jinsi ya kuwatibu watu wenye hofu kwa kuwasogeza karibu na kile wanachokiogopa hatua kwa hatua, wakiwa wametulia. Ukikaa nyumbani miaka miwili ukifikiria kiunzi, kiunzi kitazidi kurefuka kichwani mwako. Kwa hiyo kurudi ni lazima, na kurudi mapema ni bora.

Lakini soma tena maneno hayo: hatua kwa hatua, wakiwa wametulia. Hayo siyo "panda mara moja uruke kile kile kilichokuangusha". Kama umegonga kichwa, siku hiyo hupandi kabisa. Unaenda hospitali, na ile kofia ngumu unaitupa hata kama haionyeshi ufa, kwa sababu povu lake la ndani limeshafanya kazi yake na halitaifanya mara ya pili. Watu wanaokuambia ujikaze papo hapo hawatakuwa wodini nawe usiku huo.

Na hata kama kichwa ki salama, kuna mwingine katika habari hii ambaye hakuna anayemwuliza.

Farasi naye ana maoni

Farasi niliyeanguka naye ni jike, anaitwa Tausi. Niliporudi juu yake baada ya mfupa kuunga, nilijikaza kama nilivyoambiwa. Nikamwelekeza kwenye kiunzi cha sentimita 70. Akagoma. Nikamrudisha. Akagoma tena. Siku ya tatu alikuwa anaanza kugoma mita 10 kabla.

Mwenye shamba akaanza kusema Tausi ameharibika. Farasi wa kuruka anayejulikana kwa kugoma hushuka bei haraka, na kumlisha ni gharama ile ile. Likatajwa neno la kumwuza. Hapo ndipo nilipokosa usingizi, maana ndani ya moyo wangu nilijua ni nani hasa aliyekuwa anagoma.

Fikiria anachokifanya mtu mwenye woga juu ya farasi. Anabana magoti. Anazuia pumzi. Anavuta hatamu bila kujua. Anaangalia chini, kwenye kiunzi, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Farasi anahitaji kunyoosha shingo ili aruke. Hilo lilielezwa vizuri na ofisa mmoja wa jeshi la Italia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907. Kabla yake wapandaji walijirusha nyuma na kung'ang'ania hatamu kila farasi aliporuka. Yeye akasema mpandaji aende mbele pamoja na farasi na amwachie shingo. Mpandaji mwoga hufanya kinyume: huku anamwambia farasi "ruka" kwa miguu, huku anamwambia "simama" kwa mikono. Programu ikipewa amri mbili zinazopingana, mnajua kinachotokea. Inasimama.

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walifanya jaribio moja zuri. Waliwaambia watu wawaongoze au wawapande farasi mara nne kwenye njia ile ile. Kabla ya mara ya nne wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia. Farasi hawakuambiwa habari za mwavuli. Walisoma hofu ya watu wao.

Tena macho ya farasi yako kando ya kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini kitu kilicho karibu sana mbele ya paji la uso wake hakioni vizuri. Rangi pia hazioni kama sisi. Huko Uingereza viunzi vya mbio za farasi vilikuwa na mbao za rangi ya machungwa kwa miaka mingi, hadi utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter mwaka 2018 ulipoonyesha kwamba farasi huitambua rangi hiyo kwa shida, na kuanzia mwaka 2022 wakaanza kubadilisha kuwa nyeupe. Kwa hiyo Tausi anaporuka, ile hatua ya mwisho anairuka kwa kumbukumbu na kwa kumwamini aliye mgongoni. Nami nilikuwa namletea moyo unaodunda kama ngoma.

Kujikaza kunaweza kuwadanganya marafiki wanaosimama kando ya uwanja. Tausi hakudanganyika hata siku moja.

Nikafungua lahajedwali

Nikafanya kile ambacho kila mwandishi wa programu hufanya akishindwa: nikaacha kubahatisha, nikaanza kuandika kumbukumbu. Nikatengeneza jedwali. Tarehe, saa, urefu wa kiunzi, mwendo, nilitokea upande gani, upepo ulikuwaje (mnaijua mipepo ya alasiri ya Gilgil), na mwisho kipimo cha woga wangu kutoka 0 hadi 10. Wolpe naye alitumia kipimo cha namna hiyo kwa wagonjwa wake, ila chake kilifika 100.

Nilitarajia kuona kwamba kiunzi kikipanda, woga unapanda. Sivyo. Baada ya majuma matatu namba zilikuwa zinasema jambo lingine kabisa. Kwenye kiunzi cha sentimita 60 nikitokea kulia, woga wangu ulikuwa 2 au 3. Kwenye ufito uliolazwa chini tu, ambao hata kuku angevuka, nikitokea kushoto, woga ulikuwa 7.

Ufito chini! Saba!

Nikakaa nikafikiria ile siku. Tulikata kona ya kushoto kwa kasi mno. Tausi akapoteza mizani, hatua zake zikaharibika, akafika karibu mno na kiunzi, akasimama. Mimi sikusimama. Kiunzi hakikuwa na kosa. Hata Tausi hakuwa na kosa, maana kusimama ndiko kulikuwa kwa busara. Kosa lilikuwa kwenye kona, na aliyeikata kona vibaya ni mimi.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huwa tunaitumia methali hiyo kumcheka mtu. Lakini unyasi wangu ulikuwa mahali pamoja hasa, na mwili wangu ulipajua. Kichwa ndicho kilichokuwa kinaangalia pengine.

Nilipomwonyesha saisi lile jedwali kwenye simu, akalitazama kwa heshima, kisha akacheka.

"Kwa hiyo kompyuta imekuambia ni kona?"

"Ndiyo, mzee."

"Kijana wangu, Tausi amekuwa akikuambia hivyo mwezi mzima. Hukuona masikio yake ukizunguka pale kwenye leleshwa?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa naangalia chini.

Tulivyorudi

Nawaandikia hatua zetu, si kwa sababu mimi ni mwalimu, bali kwa kuwa nilipotafuta kitu cha namna hii kwa Kiswahili sikupata. Kama una mwalimu, msikilize yeye kwanza.

1. Kona bila kiunzi. Miduara ya mita 20, kushoto, kwa kutembea, kisha mwendo wa kati, kisha shoti ya polepole. Kazi ilikuwa kuangalia mbele ninakokwenda na kupumua. Majuma mawili ya hayo tu. Yanachosha sana, na yalinisaidia kuliko yote yaliyofuata.

2. Ufito mmoja chini baada ya kona. Kisha fito nne zilizopangwa kwa nafasi ya kama mita 1.3 hadi 1.4, kwa mwendo wa kati. Fito hizo zinamfanya farasi apange hatua zake mwenyewe, na wewe unajifunza kutomwingilia.

3. Fito mbili zilizopishana kama alama ya X, katikati urefu wa sentimita 30. Umbo hilo linamwonyesha farasi katikati ni wapi.

4. Viunzi viwili vidogo vilivyoachana mita 7.3. Hesabu yake si siri: hatua moja ya shoti ya farasi ni kama mita 3.6, na nusu ya hapo ni ya kutua, nusu nyingine ya kuondoka. Ukijua kwamba hatua ni moja tu, hubahatishi, na asiyebahatisha huogopa kidogo.

5. Kupandisha sentimita 10 kwa wakati, tukitokea kushoto kwanza, maana kulia hakukuwa na ugonjwa.

Na kanuni moja juu ya zote: tunapanda hatua tukifanya mara tatu mfululizo woga ukiwa 3 au chini yake. Ukifika 6, tunarudi hatua moja nyuma siku hiyo hiyo, bila aibu na bila hotuba. Saisi aliongeza ya kwake: tunamaliza kila siku kwa kitu ambacho Tausi anakiweza kabisa, hata kama ni ufito chini, ili alale nacho.

Jambo jingine nililolipenda ni viunzi vyenyewe. Sisi Wakenya ni watu wa viunzi. Tangu Amos Biwott mwaka 1968 hadi Conseslus Kipruto mwaka 2016, kila Olimpiki tuliyoshiriki, dhahabu ya wanaume ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji ilikuja Kenya, mpaka El Bakkali wa Morocco alipoichukua Tokyo mwaka 2021. Na mchezo huo ulianzia kwa farasi, waliokuwa wakishindanishwa mashambani kutoka kanisa hadi kanisa huko Ireland. Lakini kiunzi cha wakimbiaji wanaume, chenye sentimita 91.4, hakianguki. Ukikigonga, anayeanguka ni wewe. Kiunzi cha uwanjani kwa farasi kimetengenezwa kinyume: ufito unakaa juu ya vishikizo vyepesi ili ukiguswa uanguke wenyewe. Mtu aliyekibuni alikubali kabla kwamba farasi atakosea, akaamua kosa hilo ligharimu ufito na si mguu. Huko kwetu tunaita mazingira ya majaribio. Wengi wetu hatuna, tunaruka moja kwa moja kwenye seva hai.

Kuhusu kazi yetu

Wasomaji wa zamani wanakumbuka niliwahi kufuta jedwali la wateja kwenye hifadhidata hai ya mteja wangu. Tulilirudisha kutoka kwenye nakala ya usiku uliotangulia, tukapoteza kazi ya nusu siku. Baadaye kwa miezi mingi sikutaka kugusa hifadhidata yoyote. Nikapewa ushauri ule ule: jikaze, kila mtu hukosea, rudi kazini. Nikarudi, mikono ikitetemeka, nikakosea mengine kwa sababu ya kutetemeka.

Kilichoniponya ni siku nilipokaa nikauliza kona ilikuwa wapi. Hifadhidata haikuwa na kosa. Nilikuwa nimefungua madirisha mawili yanayofanana kabisa, la majaribio na la seva hai, nikaandika amri kwenye lile lisilofaa. Nikalifanya dirisha la seva hai kuwa jekundu. Nikafanya mazoezi ya kurudisha nakala mara tano kwenye tarakilishi yangu mwenyewe. Woga ukaondoka karibu wote, kwa sababu sasa ulikuwa hauna kazi.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kujiamini kunatoka kwenye vyanzo vinne: kufanya jambo mwenyewe ukafaulu, kuwaona wengine wakifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na namna unavyousoma mwili wako. Chenye nguvu kuliko vyote ni kile cha kwanza. Cha maneno ni dhaifu zaidi, tena huvunjika mara moja matokeo yakikataa. Sasa angalia sisi tunampa nini mtu aliyeanguka. Maneno. "Unaweza!" "Wewe ni simba!" Tunampa kile cha bei rahisi kwetu.

Ningependa tubadilishe. Mtu wako akianguka, awe ameanguka farasini, au ameangusha seva, au amefeli mtihani, usimwambie apande tena mara moja. Kaa naye mtafute ni kona ipi. Kisha mtafutie kitu kidogo kiasi kwamba atakifanya leo na kufaulu, na kesho kingine. Kufaulu kwa sentimita 30 ni kufaulu kwa kweli. Mwili unaweka hesabu, na farasi pia.

Na kama aliyeanguka anataka kuacha kabisa? Aache. Hakuna deni. Lakini aache akijua alichokiogopa ni nini. Mimi nilikaribia kuacha viunzi maisha yangu yote kwa sababu ya kona.

Tausi hajauzwa. Jumamosi iliyopita tuliruka sentimita 80 tukitokea kushoto, asubuhi kabla upepo haujaamka, vumbi jeupe la Kariandusi likionekana kwa mbali. Kwenye jedwali nimeandika 4. Kwa hiyo bado. Jumamosi hii tunarudi kwenye 70.

Nanyi mliwahi kuangukia kona gani? Niandikieni, nasoma yote, ingawa nitajibu polepole. Bega bado linalalamika nikikaa sana kwenye kibodi.